Droni, Tope na Gati la Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Mkuu wa bandari ametangaza kwamba wiki hii kina cha maji kitapimwa na droni. Kiboti cha manjano, hakina nahodha, kinajiendesha chenyewe na kumaliza bandari nzima kwa siku mbili. Mhandisi wake ni dada mmoja mpole. Nimembandika jina Bi Kipimo. Wenzangu walipiga makofi. Nami nikapiga. Mpimaji wa kina hapa ni mimi, na gati la tatu sijalipima miaka mitatu. Nanakili namba za mwaka uliopita, nabadilisha tarehe, natia sahihi. Na Ijumaa meli ya ngano inaingia gati hilo hilo, rubani wake shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeziamini namba zangu kuliko macho yake. Ikikwama, kazi sina na nyumbani sirudi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwambia Bi Kipimo gati la tatu lina mkondo mbaya, aliruke. Akasema droni haina roho, itaogopa nini. Alipokwenda kunywa chai, nikaipaka grisi pale tumboni inapopimia. Aliporudi akaipangusa, akauliza nani anachezea grisi ya watu. Nikalaani pamoja naye. Akanipa kitambaa kile kile nifutie vidole.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamua kuwa mtu mwema, kwa siri. Saa nane mchana nikapiga makasia na kamba yangu ya zamani, ile yenye kipande cha madini ya risasi mwishoni cha kuizamisha. Gati la tatu: mita tisa na nusu! Meli inahitaji nane. Nikaimba. Katikati ya wimbo nikakumbuka maji yamejaa, na namba ya ramani ni ya maji kupwa. Toa mita tatu. Zimebaki sita na nusu. Mpimaji wa miaka ishirini, nimesahau bahari hupwa!

Jioni nikaenda kwa shemeji kukiri. Akasema mbele ya wanawe wote kwamba yeye hulala usingizi kwa sababu yangu. Nikamwambia tu aingie polepole. Akasema siku zote huingia polepole.

Alhamisi, 6 Machi
Droni imemaliza. Kwenye kikao nilikaa karibu na mlango. Gati la tatu likatokea jekundu kwenye ramani ukutani: sita na nusu. Mkuu akanigeukia. Bi Kipimo akawahi kusema mvua za mwaka huu zimeleta tope jingi. Mkuu akaongeza kwamba jana aliniona juani nikihakiki kwa kamba, na huo ndio moyo wa kazi. Makofi. Meli ihamie gati la kwanza. Bi Kipimo alitazama vidole vyangu, akakusanya karatasi zake. Mungu amzidishie.

Ijumaa, 7 Machi
Meli imefunga salama saa nne asubuhi. Shemeji ameshuka anacheka, akanikumbatia. Nimelia mbele ya makuli na sioni haya. Mzigo wa siku tano umenitoka kifuani. Nimeapa sinakili tena namba zangu. Mkuu amenikabidhi droni, niitumie kila mwezi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimesoma maelekezo. Kuchaji, kushusha, kupandisha, kuosha kwa maji baridi. Kila mwezi! Nami namba za Alhamisi ninazo mezani, mbichi kabisa. Kiapo kilihusu namba zangu. Hizi ni za mtambo. Nimejaza fomu za Aprili mpaka Desemba, nikatia sahihi moja moja, bila haraka.