Kamati ya Mkono na Sikio

Ko. Ko. Ko. Gizani, kabla ya alfajiri, kiwiko cha binti yangu Raudha kilikuwa kinagonga bati la ukuta. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuingia shule.

Maana ilikuwa imeshatangazwa kwa kipaza sauti, Katoro nzima ikasikia: maswali yote ya wazazi kuhusu kumwanzisha mtoto darasa la awali yamepatiwa ufumbuzi. Mzazi asihangaike tena. Mtaani kwetu imeundwa Kamati ya Utayari wa Mtoto, nayo, baada ya semina ya siku tatu yenye chai na chapati, imebaini kwamba mtoto yuko tayari pale mkono wake wa kulia, ukipitishwa juu ya kichwa, unapogusa sikio la kushoto. Usipogusa, arudi mwakani.

Nilifurahi kweli. Mimi nakaanga maandazi kando ya barabara, na Raudha hushinda nami hapo, hatua mbili kutoka kwenye karai la mafuta, hatua tatu kutoka bodaboda zinapogeuzia. Mwaka mwingine wa namna hiyo sikutaka hata kuuwaza. Nikaandika maswali yangu kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, nikamvalisha mtoto soksi, tukaenda.

Bwana Pantaleo, Mwenyekiti wa Kamati, alikuwa nyuma ya meza, ndani ya koti la suti lililombana kama soseji. Pembeni yake alikaa Mwalimu Vumilia wa darasa la awali, na daftari la kuandikisha watoto, tupu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Raudha. Maswali?"

"Mtoto akilia siku ya kwanza, nibaki naye kidogo au niondoke?"

"Ameshagusa sikio?"

"Bado."

"Basi kilio chake hakijatambulika. Lingine."

"Uji wanakunywa saa ngapi?"

"Njaa ya asiyegusa sikio iko chini ya mzazi. Lingine."

Nyuma yangu alikuwa Masalu, mchimbaji, vumbi la machimbo bado kichwani, kambeba bintiye wa mwisho. Akadakia: "Wangu anajua Kisukuma tu, mzee. Akibanwa na choo atamwambiaje mwalimu?"

"Sikio halina kabila," alisema Mwenyekiti.

"Mh! Sisi kwenye duara, shimo la dhahabu, mtu anashuka kwa kamba. Hatujawahi kumuuliza sikio."

"Ndiyo maana mnafukiwa."

Kiongozi mwenye majibu ya haraka namna hiyo si wa kumpata kila siku.

Ikafika zamu ya Raudha. Akapitisha mkono juu ya kichwa, ulimi nje, akajinyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu. Kati ya kidole chake na sikio ikabaki nafasi ya punje ya mchele.

"Mwakani," alisema Mwenyekiti.

Nikatoa cheti cha kuzaliwa. "Ametimiza miaka mitano, Mwenyekiti. Imeandikwa hapa."

"Karatasi inadanganya, mama. Mkono haudanganyi." Kisha akamnyang'anya mwanangu penseli aliyokuja nayo. "Kanuni ya nne: asiyegusa sikio hashiki kalamu shuleni."

Raudha hakulia. Alitazama tu kiganja chake. Mimi nikaona kosa ni letu: pengine nilimfundisha vibaya.

"Mwenyekiti," nikasema, na nilimaanisha, "ungemwonyesha wewe mwenyewe, ajifunze kwa mtaalamu."

Wazazi wakasogea. Mwalimu Vumilia akaweka mkono mdomoni. Mwenyekiti akasimama, akainua mkono. Koti likamkamata kwapani. Vidole vikafika juu ya upara, vikatua hapo kama kuku aliyepotea njia.

"Vua koti, mzee," alishauri Masalu.

"Mwenyekiti havui koti akiwa kazini!"

Akainamisha shingo. Akavuta pumzi. Akajaribu kulifuata sikio kwa kuzunguka, akazunguka mara mbili, na sikio likazunguka naye. Halafu bega la koti likachanika, chwaaa, pamba ikachungulia. Upara ukabaki umeshikwa. Sikio lilikuwa mbali bado.

Mwalimu Vumilia akainuka kwa adabu zote, akaichukua penseli kutoka mkono wa kushoto wa Mwenyekiti.

"Samahani, Mwenyekiti. Kanuni ya nne."

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeitunga!"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Na tunaifuata."

Akaketi, akafungua daftari, akaandika jina la Raudha mstari wa kwanza. Akaandika la binti wa Masalu. Akaendelea na foleni nzima, bila kumtazama mtu sikio, huku mkuu wetu amesimama na mkono kichwani, hajui autelemshe kwa utaratibu gani.

Raudha akamtazama kwa huruma, akanivuta kanga.

"Mama, huyu bado mdogo."