Bismillah Juu ya Risiti za Meno

Jumamosi, 13 Desemba 2025

Leo ni leo! Barua kutoka kazini: mfuko wa bima wa wafanyakazi unafungwa Ijumaa. Meno, miwani, dawa, kukandwa mgongo: unalipa mwenyewe, unapeleka risiti, kampuni inakurudishia fedha zako, na serikali haikati kodi hata senti. Usipopeleka, zimekwenda. Na mimi risiti ninazo! Mwaka huu tumetibiwa kweli kweli. Fedha zikirudi, Khatija anapata tiketi ya Dar, aende harusi ya Sakeena, binamu yake aliyelala naye kitanda kimoja utotoni. Nimemwahidi mke wangu mbele ya mama yake, tunayeishi naye. Amelia kwa furaha. Sasa nitarudi nyuma vipi?

Tatizo: risiti ziko wapi?

Jumapili, 14 Desemba

Tumealikwa kwa shemeji Hadi, kaka yake Khatija, kule Richmond Hill, kaskazini ya Toronto. Hata chai haijamiminwa, kaleta faili lake. Lina kurasa za rangi! Bluu meno, kijani macho. Akasema madai yake alishapeleka tangu Oktoba, na tiketi ya Dar ya mama yao ameshaikata. Akaniuliza yangu yamefikia wapi. Nikamwambia yako hatua za mwisho. Hatua za mwisho! Hata ya kwanza sijaanza. Nikajijazia kachori mdomoni asiniulize tena.

Jumatatu, 15 Desemba

Zimepatikana! Moja ndani ya koti, mbili chini ya godoro, nyingi kwenye droo ya betri zilizokufa. Ya daktari wa meno, kubwa kuliko zote, nimeikuta jikoni, Khatija keshafungia maganda ya muhogo. Nilipiga ukelele. Akajibu kwamba karatasi yoyote ikilala juu ya meza yake ni takataka, na mimi nijiangalie nisije nikalala hapo. Mwanamke huyu!

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Limenijia wazo mpaka nikajichekea kwenye kioo. Nimeandika Bismillah juu ya kila risiti, kwa Kiarabu, kwa kalamu ya kijani. Na juu ya bahasha pia! Katika nyumba hii nani atathubutu kuitupa? Hadi na rangi zake akae kando. Bahasha nimeiweka juu ya friji. Nitazipeleka zote siku ya mwisho, kwa mpigo.

Jumatano, 17 Desemba

Juu ya friji hakuna kitu! Khatija kaapa hajaigusa. Mama mkwe, Mama Sughra, akasema kwa upole kwamba aliona jina la Mungu limekaa karibu na mafuta ya kukaangia, akaona vibaya. Jana kaipeleka msikitini, kwenye magunia ya karatasi zenye maandishi matukufu, zinazongoja kuzikwa kwa heshima. Akanisifu kwa mwandiko mzuri.

Kuzikwa! Risiti zangu zinazikwa! Na msimamizi wa magunia ni nani? Hadi. Toronto yote hii, Hadi!

Khatija hakunigombeza. Alilifunga tu sanduku alilokwisha kuanza kulipanga, akalirudisha chini ya kitanda. Hilo limeniuma kuliko matusi.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimempigia Hadi. Kacheka mpaka simu ikamdondoka. Kisha akanipa habari tamu kuliko halua: ardhi imeganda, hakuna wa kuichimba mpaka Aprili! Magunia yote yako stoo. Kwa mara ya kwanza nimeipenda baridi ya nchi hii.

Baada ya magharibi nikaingia stoo ya msikiti, nikaanza kupekua. Kadi za harusi, kalenda, madaftari ya madrasa. Hadi kakaa kitini na kikombe cha chai, ananielekeza. Gunia la mwisho, kijani changu hicho! Hadi akazipiga risiti picha kwa simu yangu, palepale, akazituma kwa kampuni ya bima. Chai yake haijapoa, kazi imekwisha. Akasema ningeweza kufanya hivyo tangu Jumamosi. Nilimkumbatia na vumbi langu lote.

Jumanne, 23 Desemba

Fedha zimeingia! Tiketi imekatwa! Khatija anaimba jikoni, majirani wote hapa Flemingdon Park wanajua anasafiri keshokutwa. Hadi anasimulia habari zangu msikiti mzima. Mwache. Ukifikiri vizuri, risiti kaziokoa nani? Mimi. Bila Bismillah yangu zingeishia kwenye maganda ya muhogo. Kosa lilikuwa moja tu: bahasha ilionekana ya thamani mno.

Nimesharekebisha. Pasipoti ya Khatija haitapotea katika nyumba hii. Nimeitia kwenye mfuko mweusi wa plastiki, nimeandika TAKATAKA kwa herufi kubwa, nimeuweka nyuma ya mlango. Nani atahangaika nao? Khatija na mama yake wamesema kesho wanaamka alfajiri, wasafishe nyumba nzima kabla ya safari. Vizuri sana. Mimi nalala.