Saa Yangu Inayokula Jua

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo nimeaibika mbele za watu. Kikundi chetu cha kuongoza wageni milimani kilikuwa na kikao pale mwanzo wa njia. Nimefika kimekwisha. Wanakunywa chai! Mwenyekiti wetu, Mama Eufrazia, aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema mbele ya wote kwamba miaka kumi na sita ya mlima ninayo, njia naijua hadi mizizi yake, ila kufika kwa wakati sijawahi.

Habari yenyewe ni hii. Kikundi kinataka kiongozi mkuu. Jumamosi ijayo wanakuja wageni tisa wa kupanda Morningside, kule juu mlimani. Kuondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nimepewa mimi niwaongoze. Nikiwahi, jioni hiyohiyo ukuu ni wangu. Nikichelewa, anapewa Godlisten.

Godlisten! Ametoka Moshi miaka mitatu tu iliyopita. Viatu vyake vina kamba za rangi mbili. Anawahi kila mahali, hata msibani anafika kabla ya ndugu wa marehemu.

Nikiukosa ukuu huu, nitapanda mlima wangu mwenyewe nyuma ya mgongo wa Godlisten, nimebeba maji ya wageni.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepata saa! Si saa hivihivi. Kubwa, nyeusi, ya mkononi, ya watu wa porini. Ina dira. Inapima urefu wa mlima. Haiogopi maji. Na haitaki betri wala waya: inakula jua. Muuzaji sokoni alinieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini.

Nimebadilishana naye kwa baiskeli yangu. Kwa hiyo nimerudi nyumbani Kilakala kwa miguu.

Mke wangu Raya aliacha cherehani akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwonyesha mkono. Akaitazama saa, akanitazama mimi, akauliza kama nitaweza kuipanda kwenda sokoni. Mwanamke huyu hana moyo wa maendeleo.

Kulikuwa na kijitabu cha maelezo. Herufi kama mchanga. Sikukisoma. Raya anakitumia kuzuia mguu wa cherehani usitikisike.

Jumatatu, 7 Aprili

Jambo la ajabu. Wakati wa kulala saa ilisema niko mita 512 juu ya bahari. Asubuhi ikasema 548. Sijatoka kitandani! Nimemweleza Raya kwamba nyumba imepanda usiku. Akasema basi initeremshe nikachote maji.

Adhuhuri alama ya chaji ilikuwa chini kabisa. Wingu limelala mlimani tangu juzi, ndiyo masika yenyewe. Mara jua likachomoza kidogo. Nikapanda ngazi, nikailaza saa juu ya bati ili ile vizuri. Nikajilaza na mimi.

Nilipoamka bati lilikuwa linatoa mvuke wa mvua ya jana. Saa imekuwa nyeusi uso mzima, kama sufuria ya kuchemshia mihogo. Hakuna namba! Nikapiga kelele. Raya akaitoa kwa kitambaa, akaiweka kivulini karibu na mtungi, akarudi kushona. Baada ya muda namba zikarudi zenyewe. Alisema hata yeye angekuwa mweusi akilazwa juu ya bati.

Jumanne, 8 Aprili

Nimegundua kwa nini nachelewa miaka yote! Si uvivu. Ni hesabu.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana. Saa ikaandika 15:10. Kumi na tano! Nikabonyeza kitufe kwa muda mrefu, ikaandika 3:10 na herufi P pembeni. Saa tisa naambiwa tatu! Najua, najua, ndiyo saa ya kizungu, hata simu zinaandika hivyo, mtu anatoa sita kichwani. Lakini mimi nimetoa sita maisha yangu yote na siku nyingine nimetoa saba. Ndipo nilipochelewea.

Nikaendelea kubonyeza. Ndani yake kuna majina ya miji ya dunia. Ilikuwa imewekwa Nairobi. Nikapita mji baada ya mji, kila mji na uongo wake. Mpaka nikafika panapoandikwa RIO. Ikasoma 9:10. Saa tisa na dakika kumi, kama jua lenyewe linavyosema! Kumbe kuna watu huko duniani wanahesabu saa kama sisi. Nimewapenda bila kuwajua.

Nimekutana na Godlisten barabarani nikamwonyesha. Akasema Rio iko Brazili, ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, na kwamba nimejivalisha saa ya watu ambao sasa hivi wanapiga mswaki. Akanishauri nirudishe Nairobi. Akaongeza kwamba niwe nakunja mkono wa koti, saa inakufa njaa humo ndani.

Wivu. Nimeuteremsha mkono wa koti mpaka kwenye vidole.

Jumatano, 9 Aprili

Saa imezimika. Uso mtupu. Nikabonyeza, ikaamka kidogo, ikaonyesha chaji ya mwisho mwisho, dira imekataa kazi. Mlimani mvua. Mjini mvua. Imebaki siku tatu. Sikuweza hata kumaliza uji.

Nikaamua kulifuata jua liliko. Dakawa! Kule ni tambarare, na shemeji yangu Hamza, kaka yake Raya, analima mpunga. Nikadandia lori linalokwenda kuchukua magunia.

Jua lilikuwepo, tena la kutosha. Hamza alifurahi sana kuniona. Nikamweleza haja yangu: nasimama tu juani, mkono juu. Akafurahi zaidi. Akasema mpunga wake wa mapema umeanza kutoa masuke, ndege wanaumaliza, na yeye amekosa mtu wa kuamia, wa kuwafukuza. Akanipeleka katikati ya jaruba, akanisimamisha kwenye tuta, akaenda kulala.

Nimesimama kutwa. Mkono wa kushoto juu kwa ajili ya saa, wa kulia unarusha madongo. Wapita njia wawili wamemsifu Hamza kwamba safari hii sanamu lake la kutishia ndege limetengenezwa vizuri. Nikawasalimu. Mmoja alikimbia.

Jioni chaji ikajaa! Mkono haushuki. Nimerudi nyumbani mbele kwa dereva nikiwa nimeuinua vilevile, na njia nzima watu wanasimamisha lori wakidhani nawaita.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkono umeshuka hadi begani. Raya ananisugua na mafuta ya nazi, na kila akisugua anacheka, halafu anaomba radhi, halafu anacheka.

Nimeifunika saa kwa kanga yake ili isitumie jua langu ovyo. Nafungua kila robo saa kuangalia kama bado limo.

Leo nimemwambia Raya ukweli kidogo. Nimemwambia naogopa. Godlisten si mtu mbaya, nalo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Raya akasema basi niamke tu asubuhi kama watu wengine. Anaona ni rahisi.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya maandalizi. Nimeoga, nimeswali Ijumaa, nimeosha viatu. Kisha nikakaa kutega alamu. Simu yangu siitegemei, inakufa ikisikia baridi.

Nataka saa kumi na moja alfajiri. Saa ikauliza: kumi na moja ya A au ya P? Swali zuri. Sikukurupuka. Nimeichunguza tangu juzi: A inakaa mchana kutwa, P inakaa usiku kucha. P ya popo, basi. Swali likabaki moja: alfajiri ni mchana au usiku?

Nikamuuliza Raya. Akasema saa kumi na moja nje ni giza, kwa hiyo ni usiku. Fikra za juujuu! Nikamweleza kwamba alfajiri watu wanaswali, wanafagia, wanakwenda shamba, majogoo wanawika. Nani anafagia usiku? Alfajiri ni mchana ambao haujamaliza kuvaa. Nikaweka A.

Raya akajitolea kuniamsha yeye. Nimekataa. Kiongozi mkuu haamshwi na mkewe.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika huku nimeloa.

Raya aliniamsha. Nje giza, adhana ya kwanza imeshalia. Nikamuuliza kwa upole kwa nini ananisumbua wakati alamu haijalia. Akasema leo Jumamosi, wageni wanangoja. Nikawasha taa ya saa nikamwonyesha. Imeandikwa wazi: Ijumaa! Saa kumi na moja na robo, Ijumaa!

Akauliza jana nilikwenda msikitini kufanya nini. Nikasita kidogo, nakiri. Nikamjibu kwamba huenda msikitini wametangulia siku moja, wao wana saa ya ukutani ya mshale, haina hata jua. Akasema sawa, akaenda zake kukanda unga. Nikajifunika. Siku nzima ya ziada! Nililala usingizi mtamu sijui niseme nini.

Nikaamka jua limejaa chumbani. Nikatazama saa. Saa mbili na dakika tano. Jumamosi.

Jumamosi!! Ilibadilika lini? Nani ameibadilisha?

Nikatoka mbio. Baiskeli sina. Nikapita njia ya mkato kwenye migomba, nikatumbukia mferejini, nikapanda kwa mikono na miguu. Nilifika Morningside, mita 1,302 kwa mujibu wa saa. Wageni tisa wamekaa kwenye nyasi wanakula ndizi, Godlisten anawaonyesha mji kwa chini. Akanipa maji. Angenikemea ningepona.

Jioni kikao. Mama Eufrazia alikuwa na huruma, lazima niseme kweli. Akasema miaka kumi na sita si mchezo, kabla hawajaamua anataka anisikie. Kulikuwa na sababu?

Hapo ningesema nililala. Neno moja tu. Nikamtazama Mama Eufrazia, nikaona uso wake unataka kunipa ukuu, nami nikaona nimpe sababu inayolingana na huruma yake. Nikaanza. Nikasema niliamka saa kumi na moja kamili alfajiri. Nikainua mkono wajionee saa yenyewe. Nikasema alamu yangu haikosei hata sekunde, ililia alfajiri nikasimama, nikafika mwanzo wa njia kabla ya wote, nikakuta bibi mmoja amezidiwa na mzigo wa magimbi, nikambebea hadi kwake Bigwa. Nikamwelezea bibi. Nikampa kikohozi. Wajumbe wakaanza kutikisa vichwa kwa kunionea imani. Mmoja, Upendo, alifuta jicho. Hata Godlisten alisema basi ukuu apewe Halidi, ndiye mimi!

Nikiwa bado nimeinua mkono, saa ikalia.

Pi pi pi pi! Pi pi pi pi! Ilikuwa saa kumi na moja kamili. Jioni.

Nilibonyeza kila kitufe. Dira ikafunguka, mita zikafunguka, taa ikawaka, nayo inalia. Godlisten akaja, akabonyeza mara moja, ikanyamaza. Akasoma. Akasema taratibu kwamba A ya kule Rio huku kwetu ni mchana, kwa hiyo alamu hii haijawahi kulia alfajiri yoyote. Alisema kwa sauti ndogo, kama daktari. Upendo akaacha kufuta jicho.

Mama Eufrazia akauliza bibi wa magimbi anaitwa nani. Sikuwa nimempa jina.

Kiongozi mkuu ni Godlisten. Mikono yote imenyooshwa. Na mimi nilikuwa nimeinua wangu tangu mwanzo, wakauhesabu.

Jumapili, 13 Aprili

Sikula mchana. Raya amenipikia kisamvu cha nazi, nimekiangalia tu. Nilitaka ukuu ule kuliko kitu chochote. Ndiyo hivyo.

Alasiri Godlisten alikuja hadi nyumbani. Akasema kesho Jumatatu kuna wageni wawili, saa kumi na mbili asubuhi, na yeye njia ya juu haijui vizuri. Anataka niongoze mimi, yeye afuate nyuma. Nikiwahi kesho, atamwomba Mama Eufrazia tugawane ukuu. Akataka kunipitia alfajiri aniamshe. Nikamshukuru, nikakataa. Mimi si mtoto.

Baada ya kuondoka nikatafakari kwa kina. Kosa liko wapi? Si kwangu. Kosa ni la Rio. Ni watu wa nyuma, alfajiri ya Jumamosi wao bado wako Ijumaa. Nikabonyeza kutafuta mji wa watu wachangamfu. Nimepata TYO. Tokyo! Namba zilezile zetu, bila kutoa sita. Na jua likizama tu, saa kumi na mbili, siku ikaruka yenyewe machoni pangu, na P ikawa A. Inasema Jumatatu!

Sasa nimeelewa kila kitu. Ni Jumatatu, ni saa kumi na mbili, na Godlisten bado yuko kwake anasubiri kesho. Nimevaa viatu. Naondoka sasa hivi kwenda mwanzo wa njia, nitawatangulia wote. Raya amesimama mlangoni anasema giza linaingia. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, huo ni mchana wa Tokyo.