Ombi la Kushindwa Jumamosi

Ibanda, Bukavu, 14 Juni 2023

Kwa Kocha Modeste, timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo

Bwana Kocha,

Pokea salamu na pongezi, ingawa hizo pongezi ndizo malalamiko yangu. Mimi ni Barthélemy, tonton wa Fabiola, namba 12 wako. Tangu kaka yangu, baba yake, afariki nimemlea mimi, na sasa familia imenipa kazi moja tu: kupokea mahari yake na kumwoza kwa Guy, muuguzi anayefanya kazi Shabunda, kijana mwenye adabu nyingi na likizo fupi. Kazi hiyo inanishinda kwa sababu ninyi hamshindwi. Naorodhesha:

1. Mwezi wa tatu wakwe walikuja kutoka Bagira, suti zimenyooshwa, kujitambulisha. Fabiola akaingia sebuleni na jezi, magoti yana vumbi, akawasalimu kwa heshima zote, akanywa maji ya wageni, akatoka mbio kuwahi kipindi cha pili.

2. Mwezi wa nne walirudi wakakuta nyumba imefungwa. Jirani akawaelekeza uwanjani, na huko wakanikuta mimi. Nilikwenda kumwita Fabiola tu, Bwana Kocha, lakini nani anaweza kumwita mchezaji katikati ya robo ya nne? Wakaketi tungoje pamoja. Papa Léopold, msemaji wao, alishangilia hadi sauti ikakauka, na mahari haijadiliwi na mtu asiye na sauti.

3. Sauti ilirudi na maarifa mapya. Nilikuwa nimembana vizuri kwenye ng'ombe wanane, mara akaunganisha mikono juu ya kichwa, kama ufanyavyo wewe ukiomba mchezo usimame, akasema: «Temps mort!» Wakatoka wote uani, wakainama duara, wakanong'onezana. Waliporudi tukawa kwenye ng'ombe watano. Sisi hatuna kocha.

4. Maman Clémence, mama yake Guy, zamani aliuliza kama Fabiola anajua kusonga ugali. Siku hizi anauliza amefunga pointi ngapi. Kila mnaposhinda, yeye mwenyewe anasogeza tarehe: «Tuache kwanza, mutoto iko mu championnat.»

Mmeshinda mechi tisa mfululizo. Ungekuwa kocha wa kawaida, Fabiola angekuwa ameolewa tangu Pasaka. Guy anafika Ijumaa kwa wiki mbili, fainali ni Jumamosi, na mkishinda mnakwenda Kinshasa, harusi ingoje likizo nyingine. Kwa niaba ya familia nzima, naomba mshindwe. Si kwa aibu. Pointi mbili au tatu zinatosha. Paja la mbuzi wa harusi litakuwa lako.

Nisalimie wachezaji wote, mwamuzi mwenye kipara, na yule maman anayeuza karanga langoni.

Wako mwenye kungoja sana,
Barthélemy, msemaji wa familia

N.B. Familia imeisoma barua hadi kwenye sahihi na kuikubali. Hapa chini niko peke yangu. Shindeni, Bwana Kocha. Shabunda ni mbali, ni mpaka upande ndege, na sijui nitakaaje katika nyumba hii bila huyu mtoto. Guy ni mtu mwema, atangoja. Na Fabiola akifikisha makosa manne usimtoe kama ulivyofanya mara mbili. Anajua kujizuia, nimemlea mwenyewe.