Hisa, Ng'ombe na Bati Moja Pungufu

Alhamisi, 12 Oktoba 2000

Nimepata siri ya utajiri! Imetoka redioni, idhaa ya ng'ambo, jioni hii. Mtaalamu kasema hivi: uchaguzi ukikaribia watu huingiwa na hofu, bei ya hisa ikaanguka. Hapo ndipo mwenye akili hununua. Uchaguzi ukiisha, na vyama viwili vikakabana koo hata serikali ikashindwa kutumia fedha ovyo, hisa hupanda. Alipotaka kutaja nchi, betri zikaisha. Si kitu. Kesho nitazianika juani. Kwani uchaguzi si huu wetu wa tarehe 29? Na vyama vinavyokabana koo si hivi vyetu vya hapa Bariadi? Soko la hisa lipo Dar es Salaam, mwaka wa tatu sasa. Kazi kwangu.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, na ushirika ukanipunguza kazi ya mizani, najiita mfanyabiashara huru. Miaka sita. Kilichokosekana ni biashara tu.

Mtaji: Wabeja. Ni ng'ombe wa mke wangu Ng'washi, kaachiwa na mama yake mwaka ule marehemu alipokuwa akiugua. Jina lake ni asante kwa Kisukuma. Nilimweleza Ng'washi habari za hisa tangu ugali unaiva mpaka vyombo vinaoshwa. Akafunika sufuria ya mwisho. Kisha akasema, Baba Scola, ukiona vema muuze, maana nikikukatalia utanuna mpaka Krismasi. Mwanamke mwelewa!

Jumamosi, 14 Oktoba 2000

Mnada wa Dutwa. Kumbe wilaya nzima imeogopa uchaguzi! Kila mwenye mkia wa kushika kauleta sokoni ageuze fedha kabla mambo hayajaharibika. Ng'ombe wengi kuliko wanunuzi. Bei imeanguka vibaya. Nikajikumbusha kanuni: bei ikianguka, nunua. Ila mimi nilikuwa nauza. Hapo mtaalamu hakupagusa.

Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akamchukua kwa bei niliyotaja, bila kubishana. Hata meno hakumkagua! Nikamhurumia. Watu wa namna hiyo hawafiki mbali.

Wabeja aligeuka akanitazama. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Fedha zote nimempa Mudathiri mwenye duka la vitambaa. Kesho anakwenda Dar kufunga mzigo, atapita kwa wakala wa hisa. Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Hivyo ndivyo alivyo mtu asiyesikiliza redio.

Jumatatu, 30 Oktoba 2000

Jana tumepiga kura. Hakuna aliyepigwa, hakuna duka lililofungwa, watu wamerudi kuvuna usingizi. Vyama viwili vinasemekana vimegawana madiwani nusu kwa nusu. Safi kabisa!

Ila bei ya ng'ombe imeanza kupanda. Habari hii nimeipata bila kuiomba.

Mvua nayo imeanza, na jiko letu lililoezekwa nyasi linavuja. Miaka miwili Ng'washi amekuwa akiweka fedha za karanga anunue bati kumi na mbili za jiko hilo. Nikamuuliza bati ziko wapi. Akasema zitakuja. Anapika kajifunika gunia, moshi na maji vyote usoni. Nimemshauri ajifunze kupanga mambo mapema. Kaniangalia kidogo, akaniongezea mboga.

Jumanne, 21 Novemba 2000

Siku kubwa! Nimekwenda kutazama madiwani wapya wakichagua mwenyekiti wa halmashauri. Kura sawa. Wakarudia. Sawa. Wakala chakula, wakarudia. Sawa! Hakuna mwenyekiti, hakuna kikao cha bajeti, hakuna senti kutoka. Mkwamo kamili, kama redio ilivyoagiza. Nikapiga makofi peke yangu. Mgambo akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu wa kunipeleka nyumbani.

Nje wafugaji wananung'unika. Josho ni kavu, dawa ya kuogeshea ng'ombe haiwezi kununuliwa mpaka bajeti ipite, na kupe wameshamiri. Nikawaeleza kwamba soko linapenda hali hii. Mmoja akauliza soko hilo lina ng'ombe wangapi.

Jumamosi, 25 Novemba 2000

Mudathiri amerudi, anataka kufunga Ramadhani nyumbani. Kanirudishia fedha zangu zote! Wakala kamwambia hisa hazikuanguka wala hazikupanda. Wenye nazo wamezikalia, hakuna anayeuza. Tena wakala huyo akacheka kwamba maneno hayo ya vyama kukabana yalihusu uchaguzi wa Marekani. Nikamjibu Mudathiri, Marekani, Bariadi, binadamu ni wale wale.

Nikapanda baiskeli mpaka Dutwa kumtafuta yule mwenye pama. Nilitaka kumkomboa Wabeja. Kwa bei ya sasa, fedha zangu zingenipa miguu ya mbele tu. Nikapitia kwanza kwa shemeji yangu Mabula, anitafutie njia.

Uani kwa Mabula, nani kasimama? Wabeja. Na mwenye pama pembeni yake, anamtoa kupe. Mabula akanisalimu, mwangaluka shemeji, akanipa kigoda, ndipo akasema. Huyu ni jirani yake, Jilala. Ng'washi ndiye aliyemtuma mnadani. Alimpa fedha za karanga na kumwagiza asibishane bei, kwa sababu Baba Scola akibishaniwa huumia moyo.

Bati kumi na mbili. Zilikuwa zimesimama mbele yangu, zinacheua.

Tukamswaga Wabeja hadi nyumbani, mimi na Mabula, baiskeli nikiikokota. Ng'washi alikuwa jikoni, gunia kichwani. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima. Hakuningoja niianze. Akasema tu kwamba ng'ombe ana kupe na josho halina dawa, nikae upande wa kushoto. Tukamtoa kupe mpaka giza, yeye huku, mimi kule. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nampenda mwanamke huyu, na nilichoweza kumwambia ni kwamba huku kwangu wamebaki wachache.

Jumapili, 3 Desemba 2000

Nimebadilika. Nimeapa. Fedha alizorudisha Mudathiri nimezinunulia bati, na Alhamisi fundi amezipigilia. Bati kumi na moja! Ya kumi na mbili ilibidi isubiri kidogo, kwa sababu redio ilihitaji spika mpya, waya wa antena na betri sita. Mtu hawezi kuishi bila habari.

Ng'washi hakugomba. Alisimama tu na fundi, akamwonyesha tundu libaki wapi. Limebaki juu ya kigoda changu hasa.

Nimekaa hapo sasa, mwavuli mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Wabeja anacheua mlangoni. Ng'washi anakaanga karanga upande mkavu, anaimba taratibu. Nina bahati kuliko ninavyostahili, na hilo naliandika nikiwa na akili timamu.

Redio nayo inasikika vizuri ajabu. Mtaalamu, yule yule, kasema mwakani viwanda vitashindana na bei ya bati itashuka. Maana yake, mwenye akili huuza bati sasa, akanunua tena zikishashuka. Kumi na moja kwa bei ya leo...

Misumari inang'oka bila kuharibu bati. Nimejaribu mmoja.