Hita Iliyokataa Kutoka

Jumatatu, 4 Machi
Bomba la moto bafuni limetoa maji baridi. Hita ya tangi, ile koili inayochemsha maji, imekufa. Mke wangu kasema tumwite kaka yake, fundi bomba wa miaka ishirini. Nimekataa. Mwaka jana shemeji alinitengenezea kitasa cha choo, kisha akasimulia kwenye harusi ya watu jinsi alivyonikuta nimejifungia ndani. Sitampa hadithi ya harusi nyingine.

Alhamisi mama mkwe anatoka hospitali, anakuja kupumzika kwetu. Mgongo. Daktari kaagiza aoge maji ya moto asubuhi na jioni. Muda upo. Nimeshanunua hita mpya. Kilichobaki ni kufungua ya zamani, kama mfuniko wa chupa.

Jumanne, 5 Machi
Tangi liko stoo, na hita imeingia kwa nyuma, upande wa ukutani. Mkono unafika, jicho halifiki. Nimechukua kioo cha mke wangu, nikakiegemeza ukutani. Nati inayoishikilia ikaonekana yote. Shemeji asingewaza hilo.

Kufungua ni kuzungusha kushoto, kila mtu anajua. Nimezungusha kushoto, macho kwenye kioo. Imesogea kidogo, ikagoma. Nimeimwagia siki, nikasubiri, nikazungusha tena. Imegoma zaidi. Mke wangu kauliza kutoka jikoni kama inaelekea. Nimejibu inaelekea.

Jumatano, 6 Machi
Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia. Si uongo.

Spana ni fupi, hilo ndilo tatizo. Nimeng'oa bomba la pazia la sebuleni, nikalichomeka kwenye mkono wa spana, nikavuta kwa uzito wangu wote. Kitu kikazunguka. Nilifurahi mpaka nilipoona ni tangi lenyewe. Bomba la maji baridi likapinda, likaanza kumwaga maji juu ya godoro tulilomwandalia mama mkwe, lililokuwa limehifadhiwa humo stoo.

Nimefunga koki kuu. Sasa hatuna maji ya moto wala baridi.  Mke wangu kachukua ndoo mbili, kaenda kwa jirani. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kafika. Kakonda. Tumempa kitanda chetu. Tumechemsha maji ya jirani kwa sufuria, nikayabeba mwenyewe, lakini mpaka ndoo ya mwisho inafika bafuni, ya kwanza ilishapoa. Kaoga hivyo hivyo. Kasema maji yalikuwa mazuri sana. Meno yake yalikuwa yanagongana.

Nimerudi stoo, nikakaa juu ya ndoo. Aibu tupu.

Baadaye nikasikia mkongojo wa mama mkwe. Kasimama mlangoni, katazama kioo, katazama spana. Kaniuliza kwa upole kama nafungua au nakaza. Nikasema nafungua, Mama. Kanieleza kwamba alishona kwa cherehani miaka thelathini na kuitengeneza mwenyewe, na skrubu za chini alikuwa akizitazama kwa kioo. Kioo hugeuza. Kushoto ya mle ndani ni kulia ya huku nje.

Nimefikiri kwa muda. Kisha nimefikiri tena. Tangu juzi nakaza.

Nimemwomba asimwambie mtu. Akasema, "Nimwambie nani, mwanangu? Mimi nataka kuoga tu."

Nimejaribu upande wa pili. Haitikisiki. Nimempigia shemeji simu mimi mwenyewe. Sijawahi kubonyeza namba kwa uzito namna ile.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja asubuhi. Kalirudisha tangi mahali pake, kabadilisha bomba lililopinda, kafungulia maji lijae kwanza, maana tangi la shaba likiwa tupu hujikunja. Kisha kapiga mkono wa spana kwa nyundo, pigo moja fupi. Nati ikalia, ikalegea. Kamwaga maji, hita ikatoka imejaa chokaa, nene kama mguu wa meza. Hata chai yake haikupoa. Kisha kafunga ile mpya.

Kauliza ni nani aliyeikaza namna hii, kwamba huyo si mzima. Nimejibu haraka kuwa ni fundi aliyepita. Kanitazama. Hapo nikakumbuka kwamba fundi aliyepita ni yeye. Mama mkwe kakohoa, kasema hiyo ni kutu tu, wanangu, kutu hukaza sana.

Jioni kaoga nusu saa. Mvuke ulitokea chini ya mlango. Tukamsikia anaimba, polepole, sauti ambayo mke wangu kasema hajaisikia tangu mama yake augue. Alikuwa amenishika mkono. Shemeji alisimama kwenye korido na begi lake la vifaa, akasikiliza mpaka mwisho. Hakutania hata kidogo.

Nimejiambia kuwa kuanzia leo nitakuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 11 Machi
Ofisini, mhasibu kalalamika kuwa hita ya tangi lake imekwama. Nimemweleza jinsi yangu ilivyotoka: jaza tangi, pigo moja fupi la nyundo. Watu wa meza za jirani wakasogeza viti wasikilize. Shemeji sikumtaja, habari ingekuwa ndefu. Mhasibu kauliza kama amtafute fundi.

Nimemwambia asijisumbue. Jumamosi naenda mwenyewe.