Kitako Kilichopinda

Jumamosi, 8 Novemba. Malaz, Riyadh.

Leo bosi ametuita karakana, kule nyuma ya duka. Anafungua duka la pili Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Bunduki za kuwinda na za shabaha, kama hapa. Anataka fundi mmoja aende. Ni mimi ama Yassir, sisi wasaidizi wawili. Atakayeenda atabadilishiwa ikama, ile kadi ya ukaazi, iandikwe fundi. Yangu imeandikwa mfagiaji. Miaka miwili na miezi minne natembea Riyadh na hiyo kadi mfukoni kama tusi.

Al-Rawdah! Kati ya mitaa yote ya Saudia! Maryann wangu anafanya kazi hapo hapo, kwa madam mwenye watoto wanne na paka tisa. Mkataba wake unaisha Januari. Ameniambia wazi: kama sitakuwa Jeddah kabla ya hapo, anarudi kwao Eldoret, na nisimpigie tena. Hakusema kwa hasira. Hiyo ndiyo inanitisha.

Kitu kidogo tu. Maryann anajua mimi tayari ni fundi. Tangu Mei. Nilimwambia siku moja tukiongea na simu, halafu sikupata nafasi ya kurekebisha.

Kumshinda Yassir si kazi. Ni mtu wa Zanzibar, anasafisha skrubu moja saa nzima huku akiongea nayo. Mimi nimeangalia video mia tatu. Bunduki ya semi-otomatiki naijua ndani nje, pistoni, springi, njia ya gesi, yote. Kuishika ndiyo sijaishika sana.

Jumapili, 9 Novemba

Mtihani! Kila mtu bunduki moja, Alhamisi iwe tayari. Yassir amepewa raifo ndogo ya rafiki wa bosi, atoe kitako cha plastiki aweke cha mbao. Mimi nimepewa shotgani ya semi-otomatiki ya Mzee Dakhil, baba mdogo wa bosi mwenyewe. Nyota yangu hiyo. Bosi amesema safisha tu. Safisha tu! Ndivyo unaambiwa ukishika ufagio mara moja maishani.

Nikaifungua. Pistoni nyeusi tii, masizi ya misimu mitatu. Nimesugua mpaka vidole vikafanana na vya makanika wa lori. Halafu nikaona. Bunduki imepinda! Ukiiweka bega la kulia, kitako kinaenda kombo, shavu halina pa kulala. Kiwanda kizima huko Ulaya, mainjinia wamevaa makoti meupe, hakuna aliyeona. Nimeona mimi, hapa Malaz, na viatu vya plastiki.

Kwa kasha kulikuwa na kadi. Kila mteja ana kadi yake. Mzee Naftali huwapima watu kama fundi wa suti: bega, shingo, urefu wa mkono. Huyo ndiye fundi mkuu, Mmeru, amekaa hapa miaka kumi na tisa, na anaandika Kiarabu kama daktari anayekimbilia ambulensi. Mimi Kiarabu naongea vizuri sana. Kusoma ndiyo mafi, hakuna. Nikaiwekea simu itafsiri. Simu ikasema ngamia wa Jumanne amelala. Nikazima.

Yassir akaniona nikigeuza kadi juu chini. Akauliza kwa ule upole wake kama anisomee, maana yeye amekaa chuo cha Kurani tangu ana miaka mitano. Nikamwambia nimeshasoma. Akauliza imesemaje. Nikamwambia mambo ya kawaida. Akasema haya, ndugu yangu. Ndugu yangu! Sumu tupu hiyo, imewekwa sukari.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeinyoosha!

Kati ya kitako na mwili wa bunduki kuna kipande chembamba cha plastiki, kama kabari. Upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Kilikuwa kimewekwa kinyume. Nikakigeuza. Dakika ishirini, na kumi kati ya hizo nilikuwa chini ya meza natafuta skrubu. Nikaiweka begani. Tamu! Shavu limelala kama liko kwa mto. Mzee Dakhil akishika hii atalia.

Lakini hapo ningekuwa nimefanya kazi ya mtu wa kawaida. Nikaenda rafu za mbele. Raba ya kulinda bega, weka. Mkanda wa rangi ya jangwa, weka. Kishikio cha risasi sita ubavuni, weka. Tochi. Na kile kioo chenye doa jekundu la kulengea.

Mzee Naftali akaingia na kikombe cha chai. Akazunguka meza mara mbili. Akauliza kama hii ni bunduki ama ni pikipiki ya kubeba bibi harusi. Akauliza tena, mzee wa miaka sabini na moja atawinda njiwa na tochi, kwani njiwa wamejificha stoo? Akasema ndege hapigwi kwa kuangalia doa, anafuatwa na macho. Nitoe hayo mapambo. Kisha akauliza kama nimesoma kadi.

Nikasema nimesoma.

Akaniangalia. Akasema vizuri, kijana. Bosi akamwita mbele, akaenda.

Nilitoa tochi na kioo. Vingine nimeacha. Mtu asiyejua kitu cha kisasa usimlazimishe.

Jumatano, 12 Novemba

Kitako cha mbao cha Yassir kimekaa kama kimeota pale. Nimekipapasa akiwa msikitini. Sikupata pengo. Roho ikauma.

Nikaficha brashi yake ya kusafishia mtutu. Nyuma ya mitungi ya gesi ya kambi, hakuna mtu huangalia hapo. Aliporudi akatafuta, akatafuta, akauliza kama nimeiona. Nikamwambia hapa vitu vinapotea sana. Akakubali! Akatoa kipande cha shuka kuukuu kwa mkoba wake, akakata vipande vidogo, akaanza kupitisha kimoja kimoja kwa mtutu. Alasiri yote. Naftali akachungulia kwa taa, akasema hajaona mtutu safi hivyo tangu mwaka wa mafuriko. Akaniita nije nione, nijifunze.

Nimejifunza kwamba shuka pia zifichwe.

Alhamisi, 13 Novemba

Bosi ameshika kazi yangu! Ameigeuza kwa mwanga, akajiona uso. Akasema mia mia, yaani safi kabisa. Mara mbili! Ya Yassir aliiangalia tu akatingisha kichwa. Kesho tunaenda shamba lake nje ya mji, familia itapiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na mashine, Mzee Dakhil atajaribu yangu mbele ya wote. Jumamosi bosi atatangaza.

Nikampigia Maryann. Nikamwambia ajitayarishe, nakuja. Nikasikia anacheka na analia pamoja, na mtoto wa madam anauliza kuna nini. Akaniuliza mara tatu kama ni kweli, nisimchezee. Aliniambia ameshachoka kuhesabu siku mbele ya friji ya watu. Nikamwambia ni kweli kabisa. Akasema basi hatatia sahihi karatasi za kurudi, atamwomba madam aongeze mkataba.

Blanketi nimempa Duncan, dereva wa duka. Na jiko langu la wali. Jeddah ni joto na nitakula kwa fundi, yaani kwangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Sitaki kuandika.

Haya. Shamba la bosi. Mazulia chini, kahawa, tende, wanaume ishirini na kitu, wakwe, wajukuu. Sisi tunabeba maboksi. Mzee Dakhil akasimama mbele, kanzu nyeupe kama maziwa, akachukua bunduki yangu. Akaiweka bega la KUSHOTO.

Nikadhani anajinyoosha.

Akaita kisahani. Kikaruka. Akapiga. Kisahani kikaendelea na safari. Cha pili pia. Cha tatu. Marisawa yanapita kando tu, unaona vumbi huko nyuma. Visahani ishirini na tano! Amevunja viwili, na kimoja nadhani kilitoka kwa mashine kikiwa na ufa. Wajukuu walianza kucheka vikombe vikiwa mdomoni. Mkwe mmoja akasema labda mzee sasa apigie kuku waliofungwa kamba. Shavu la mzee limevimba, jekundu. Huyo mtu amewinda miaka hamsini. Aliangalia tu kitako, akapitisha kidole pale kwa kabari, polepole, kama mtu anagusa jino linalouma.

Akauliza nani amefungua hapa.

Bosi akatugeukia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema sote wawili, bosi. Mimi na Yassir.

Yassir hakunikana. Hakuniangalia hata. Aliweka boksi chini, akaenda kwa kasha, akachukua kadi, akaisoma kwa sauti. Jicho la kulia la mzee lilikufa miaka sita iliyopita. Anapiga kwa kushoto. Kitako kimepindishwa makusudi kimfuate. Asiguse mtu. Naftali ameweka mistari miwili chini ya hayo maneno ya mwisho. Miwili! Nilidhani ni pambo.

Yassir akavua raba yangu, akafungua kitako, akageuza kabari, akafunga. Mzee akavunja ishirini na mbili. Watu wakapiga makofi. Akamshika Yassir bega, akamkalisha kwa zulia, akamwekea kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi niliokota vipande vya udongo.

Jumamosi, 15 Novemba

Bosi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema kukosea angenisamehe, hata yeye alianza kwa kukosea. Ile ya sote wawili ndiyo imemshinda. Yassir anaenda Jeddah. Mimi kuanzia leo nisiguse kitu chenye mtutu. Nimehamishiwa upande wa vitu vya kambi: mahema, mabirika na viti vya kukunja. Nikauliza kuhusu ikama. Akaniangalia kama nimemwomba gari. Halas, imeisha.

Naftali akanifuata stoo. Akasema, wewe kijana, ungeniletea tu ile kadi nikusomee, ni mistari mitatu, ingekugharimu nini? Nikamwambia shida si kadi. Shida ni jicho. Mtu akihama bega atangaze. Naftali akainua mikono, akaondoka na chai yake.

Nimempigia Maryann. Nikamwambia safari imesogezwa kidogo, mambo ya karatasi. Akauliza imesogezwa mpaka lini. Nikasema serikali ikiamua. Akauliza, Alvin, kuna kitu hujaniambia? Nikasema mtandao unakatika.

Haukuwa unakatika.

Jumanne, 18 Novemba

Yassir ameondoka na basi la asubuhi. Jana alikuja kwa kitanda changu akauliza kama nina mzigo wa kumpelekea yule mchumba. Kwanza nilikataa. Halafu nikapata wazo! Nikampa mtandio nilionunua Agosti. Nikamwambia akimpa pale getini, aseme yeye ni msaidizi, ametangulizwa kufagia duka kabla fundi hajafika.

Akacheka, akadhani natania. Aliponiona usoni akaacha. Akasema kusema uongo hawezi, lakini kunyamaza ataweza. Atampa mtandio na atanyamaza.

Tukakubaliana. Mpango umekaa. Asiyeongea hawezi kuharibu.

Ameniachia kitabu juu ya godoro. Herufi za Kiarabu, cha watoto, kila ukurasa mnyama. Ananidharau mpaka dakika ya mwisho. Nimekiweka chini ya rafu ya mabirika, ilikuwa inayumba.

Ijumaa, 21 Novemba

Duncan anasema blanketi amelipeleka kwao na mtu. Riyadh imeanza baridi. Nalala na koti.

Maryann hashiki simu.

Jumapili, 23 Novemba

Ujumbe wa Maryann umefika, na Yassir amenisimulia ya getini. Yassir alinyamaza kweli, huyo mtu hana huruma hata kidogo! Maryann alimuuliza getini: fundi ni nani, wewe ama Alvin? Akanyamaza. Akamuuliza tena: na Alvin anafanya nini huko? Akanyamaza, akaangalia viatu. Mtu mzima ananyamaza namna hiyo unadhani mwingine ataelewa nini?

Ameandika hivi. "Alvin, mfagiaji ningemngoja. Hata miaka mingine miwili. Huyo fundi simjui. Nimetia sahihi jana, naenda nyumbani tarehe tisa Januari. Mtandio ni mzuri."

Nimesoma mara nyingi. Nimeketi kwa kiti cha kukunja mpaka Naftali akaja kuuliza kama kinauzwa ama ni changu.

Halafu nikamjibu vizuri sana. Nikamwambia asiwe na haraka, kuna habari mpya, nimepandishwa cheo, sasa ni mkuu wa idara ya mahema Riyadh nzima. Tiki mbili zimekuwa bluu. Hajaandika kitu. Anatafakari.

Na cheo si uongo sana, maana leo nimegundua jambo. Haya mahema yote yameshonwa vibaya! Kitambaa cha chini kimezidi, kinaburuta nje kama sketi. Wateja wanakifukia kwa mchanga, eti upepo usiingie, lakini nadhani wanaficha aibu ya kiwanda. Mahema arobaini, hakuna aliyeona. Bosi akikuta yote yamekatwa sawasawa, Jeddah atanituma mwenyewe, kabla ya tarehe tisa.

Kesho nafika kabla ya Naftali. Makasi nimeshapata.